Mwandishi wa michezo asiyelipwa, nani anamlipa?

Usiku wa Aprili 29, 2008, kituo cha televisheni cha HBO nchini Marekani kilikutanisha watu watatu kujadili habari za michezo mtandaoni. Mwenyeji wao alikuwa Bob Costas, mtangazaji mkongwe. Kati ya wageni alikuwepo Buzz Bissinger, mshindi wa Tuzo ya Pulitzer na mwandishi wa kitabu Friday Night Lights. Alikuwepo Will Leitch, aliyeanzisha tovuti ya Deadspin mwaka 2005. Wa tatu alikuwa Braylon Edwards, mchezaji wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani.

Bissinger hakusubiri mjadala upambe moto. Alikuja na jalada la karatasi zilizochapwa kutoka kwenye tovuti ya Leitch, akawa anazisoma kwa hasira. Alimtaka Leitch aseme kama amewahi kumsoma W.C. Heinz, bingwa wa zamani wa kuandika habari za ndondi. Matusi yakamtoka hewani. Baadaye alijutia hadharani namna alivyomshambulia mwenzake.

Ukiyaweka matusi kando, hoja yake ilikuwa nzito. Wanaoandika kwenye tovuti kama hizi hawaendi uwanjani, hawapigi simu, hawana mhariri. Kwa nini basi waaminiwe?

Leitch alikuwa na jibu lake. Kutokuwa na kiti kwenye jukwaa la waandishi kulimpa uhuru. Mwandishi anayemhitaji kocha kesho kwa mahojiano humwonea haya leo. Yeye hakumhitaji yeyote, aliandika kile shabiki anachokiona.

Mpaka leo waandishi wa michezo wanagawanyika kufuata wawili hao. Mimi naona wote waliuacha upande mmoja wa jambo hili gizani, nao ni upande wa fedha.

Kazi ya wengi, faida ya wachache

Miaka ile ndiyo ilikuwa ya tovuti kubwa za michezo kuchipuka. Bleacher Report ilianzia California, mikononi mwa vijana wanne waliosoma pamoja. Mlango wake ulikuwa wazi kwa yeyote: shabiki wa Lakers, mwanafunzi wa chuo, mhasibu anayeandika usiku baada ya kazi. Walipewa vyeo, alama na beji kwenye kurasa zao, lakini kwa muda mrefu wengi wao hawakupewa fedha.

SB Nation ilizaliwa kwa njia nyingine. Mwaka 2003 shabiki wa timu ya besiboli ya Oakland Athletics alifungua ukurasa wa kuizungumzia timu yake, ukurasa huo ukazaa mtandao wa tovuti zaidi ya 300, kila moja ikiwa na timu yake. Baadaye kampuni mama ikajiita Vox Media.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Shabiki anaandika jina la mchezaji kwenye Google, makala inajitokeza, anaibofya, tangazo linaonekana, fedha inaingia. Kadiri makala zinavyokuwa nyingi ndivyo nyavu zinavyotanda, na makala ambayo mwandishi wake halipwi haina gharama ya kuogopwa hata isiposomwa na mtu.

Oktoba 2012 gazeti la SF Weekly la San Francisco lilifichua jinsi Bleacher Report ilivyokuwa ikifanya kazi. Wachambuzi wa takwimu waliangalia kwanza watu wanatafuta nini mtandaoni, kichwa cha habari kikatungwa, kisha mwandishi akapewa akijazie maneno. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba kichwa cha habari hutoka kwenye habari, utaratibu huo unasikitisha.

Miezi miwili kabla ya hapo, Agosti 2012, kampuni ya Turner ilikuwa imeinunua Bleacher Report kwa fedha ambazo vyombo vya habari vilizikadiria kuwa kati ya dola milioni 175 na 200.

> Vyeo na beji vilibaki kwenye kurasa za waandishi. Fedha za mauzo zilikwenda kwa wenye hisa.

Mmoja wa waandishi wa zamani alitoa hesabu yake hadharani mwaka 2014. Kwa miaka mitatu aliandika makala zaidi ya 500, zikasomwa karibu mara milioni tatu. Malipo yake yote yalikuwa dola 200. Ukigawanya, kila makala ilimpatia chini ya senti 40, na katika makala zile kulikuwa na mechi za kutazamwa, takwimu za kutafutwa na usiku wa kukesha.

Wanaolipwa nao hukosea

Hapo ndipo wakongwe hupenda kusema: mnaona, asiyelipwa hawezi kuaminika. Mimi sikubali hoja hiyo ipite kirahisi hivyo, kwa sababu historia inaikataa.

Januari 2009, gazeti la The Times la London lilichapisha orodha ya vijana 50 wa soka wanaochipukia. Namba 30 ilishikwa na Masal Bugduv, mshambuliaji wa miaka 16 kutoka Moldova, aliyetajwa kuwa anawindwa na Arsenal. Bugduv hakuwahi kuzaliwa. Mtu mmoja alimbuni, akamwingiza Wikipedia, akasambaza mitandaoni taarifa za kughushi zilizofanana na za shirika la habari. Jarida la When Saturday Comes na tovuti ya Goal.com nazo ziliingia mtegoni.

Nani alimfichua? Mashabiki na wanablogu, watu wasiolipwa na mtu. Walikaa wakafuatilia chanzo kimoja baada ya kingine mpaka wakakuta hakuna klabu, hakuna mechi wala bao. Gazeti lenye historia ya zaidi ya karne mbili lilisahihishwa na watu walioifanya kazi hiyo kwa kupenda soka tu.

Miaka minne baadaye ikaja habari ya Manti Te'o, beki wa futiboli ya Kimarekani wa chuo kikuu cha Notre Dame aliyeshika nafasi ya pili katika kuwania Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Marekani nzima ilisimuliwa jinsi alivyocheza kwa moyo baada ya mpenzi wake, mwanafunzi wa Stanford, kufa kwa saratani ya damu Septemba 2012. Jarida la Sports Illustrated lilisimulia, ESPN ikasimulia, wasomaji wakalia. Januari 16, 2013, Deadspin ikachapisha kwamba msichana huyo hakuwahi kuwepo. Te'o mwenyewe alikuwa ametapeliwa.

Waandishi wa Deadspin walifanya nini ambacho wakubwa hawakukifanya? Walitafuta rekodi za vifo, hakuna. Waliuliza Stanford, jina halipo. Wakatafuta picha za msichana zilikotoka, wakampata mwenye sura ile, akiwa hai na hamjui Te'o. Kwa mbinu hakuna jipya hapo, kila mhariri wa dawati huwaambia vijana wake wafanye hivyo kila siku.

Lakini tazameni jambo moja ambalo watetezi wa uandishi wa bure hulipita. Kufikia mwaka 2013 Deadspin ilikuwa chumba cha habari chenye waajiriwa na wahariri. Waliofichua habari ile walipewa muda wa kuichimba bila kudaiwa makala nyingine kumi kwa siku hizo, na kulikuwa na mtu juu yao wa kuuliza: hili umelithibitisha wapi?

Uaminifu wa habari unakaa hapo, katika muda wa kuthibitisha na katika macho ya mtu wa pili. Vyote viwili vina gharama. Wanablogu wa Bugduv waliilipa wenyewe kwa saa zao za mapumziko, Deadspin iliilipa kwa mishahara. Mwandishi wa Bleacher Report wa miaka ile ya mwanzo alitakiwa kujaza kichwa cha habari kabla utafutaji haujapoa, na hakuna aliyelipia saa ya ziada ya kupiga simu.

> Simu moja ya kuthibitisha ina gharama, na kuna mtu lazima ailipe.

Bleacher Report yenyewe ililitambua hilo. Ilianza kuchuja waandishi, ikaajiri wahariri na waandishi wa kulipwa, na mwaka 2013 ikamchukua Howard Beck, mwandishi wa mpira wa kikapu wa The New York Times. Ilipotaka heshima, iliinunua kwa fedha taslimu.

Mahakama ilisema nini

Waliohisi kudhulumiwa walijaribu njia ya sheria. Kesi iliyofungua ukurasa haikuwa ya michezo. Februari 2011 AOL iliinunua tovuti ya The Huffington Post kwa dola milioni 315. Aprili mwaka huohuo mwanaharakati wa wafanyakazi Jonathan Tasini, aliyekuwa akiandikia tovuti hiyo bila malipo, aliwaongoza wenzake kudai dola milioni 105. Machi 2012 Jaji John Koeltl wa New York aliitupilia mbali kesi. Waandishi walijua tangu mwanzo kwamba hawatalipwa, na hakuna aliyewalazimisha.

Kisheria sina ugomvi na jaji. Ila hukumu ile iliacha mlango wazi kwa kila mwenye tovuti kusema: walijua.

Upande wa michezo mambo yalikwenda tofauti. Agosti 2017 Deadspin ilichapisha uchunguzi kuhusu jinsi SB Nation inavyowatumia waandishi wa tovuti zake za timu. Mwezi uliofuata aliyekuwa msimamizi wa tovuti ya timu ya hoki ya barafuni ya Colorado Avalanche aliishtaki Vox Media mahakamani Washington. Alidai alifanya kazi saa 30 hadi 40 kwa wiki, akilipwa dola 125 kwa mwezi. Kampuni iliwaona wasimamizi kama yeye kuwa wakandarasi huru, wao walisema ni wafanyakazi: wana ratiba, wana viwango vya idadi ya makala, wana bosi anayewasimamia. Hatimaye kampuni ilikubali kumaliza shauri hilo na mengine kama hilo kwa takriban dola milioni 4.

Tofauti ya kesi hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwandishi wa Huffington Post aliandika alipojisikia. Msimamizi wa tovuti ya timu alitakiwa awepo asubuhi timu inapotangaza kikosi, awepo usiku mechi inapokwisha, na apange zamu za wenzake. Kazi yenye zamu na bosi ni ajira, hata kama mfanyaji wake anaipenda timu mpaka kesho.

Ngazi ya kupandia

Wanaotetea uandishi wa bure wana ushahidi wao, na ni haki usikike. Michael Cox alifungua blogu ya Zonal Marking mwaka 2010, akichambua mifumo ya soka kwa michoro na maelezo ambayo magazeti mengi hayakuyapa nafasi. Hakuna mhariri aliyemtuma. Muda si mrefu akawa anaandika katika The Guardian na ESPN, kisha akatoa kitabu. Bill Simmons alianza Boston mwaka 1997 kwenye tovuti ndogo kwa ujira usiotosha kodi ya chumba, huku akihudumu baa. ESPN ilimchukua mwaka 2001.

Wasomaji wa kizazi hiki watamtaja Fabrizio Romano, aliyeanza kuandika kwenye tovuti ndogo za Italia akiwa bado kijana wa shule na leo ndiye jina la kwanza kutajwa kila dirisha la usajili linapofunguliwa.

Bila mlango wazi, vijana hawa wangesubiri dawati la michezo liwakumbuke. Kuna pia michezo na timu ambazo magazeti hayazigusi, na shabiki mwenye kalamu ndiye pekee anayeziandika. Sitaki sheria itakayomfunga mdomo huyo.

California walijaribu sheria, na somo lake ni chungu. Sheria ya AB5, iliyoanza Januari 1, 2020, iliweka kikomo cha makala 35 kwa mwaka ambazo mwandishi wa kujitegemea angeweza kukiandikia chombo kimoja kabla ya kuhesabiwa kuwa mwajiriwa. Lengo lilikuwa kumlinda. Kabla haijaanza kutumika, Desemba 2019, SB Nation ilitangaza kusitisha mikataba ya waandishi wake wa California, takriban 200, na kuweka waajiriwa 20 wa muda na wa kudumu. Wachache wakapata ajira, wengi wakabaki na timu wasiyoweza kuiandikia tena. Kikomo kile kiliondolewa Septemba 2020.

Hata hivyo, mifano ya Cox na Simmons ina shimo moja. Tunawataja waliofika juu. Kila mmoja wao ana maelfu waliopanda ngazi ileile wakaishia katikati, na waliodumu muda mrefu zaidi mara nyingi ni wale wenye mtu nyuma yao wa kulipa kodi na chakula. Mtoto wa mama ntilie anaweza kuwa na jicho la mpira kuliko wote darasani, lakini hawezi kuandika bure miaka mitatu. Dawati la michezo litakalojazwa kwa njia hii litakuwa la watoto wa wenye nacho.

Jina lisilo na mtu

Na pale kampuni inapozoea kwamba kuandika hakuna thamani, hatua inayofuata ni kumwondoa mwandishi kabisa. Sports Illustrated, jarida lililoanza mwaka 1954, lilibadilisha mikono mwaka 2019. Mwenye jina lake akawa kampuni ya Authentic Brands Group, na uendeshaji ukapewa Maven, ambayo Oktoba mwaka huo ilifukuza sehemu kubwa ya chumba cha habari na kutegemea mtandao wa tovuti za timu zinazoendeshwa na wakandarasi.

Novemba 2023 tovuti ya Futurism ilifichua kwamba Sports Illustrated ilikuwa imechapisha makala kwa majina ya waandishi wasiokuwepo duniani, wasifu wao ukiwa wa kubuni na picha zao zikiwa zimetengenezwa na kompyuta. Kampuni iliyoliendesha jarida ilisema makala hizo zilitoka kwa kampuni ya nje. Mwezi uliofuata mtendaji mkuu wa kampuni hiyo ya uendeshaji aliondolewa, na Januari 2024 waajiriwa wengi wakapewa barua za kupunguzwa kazi.

Jarida lililomsimulia mpenzi wa Te'o ambaye hakuwepo, miaka kumi baadaye likawa linamletea msomaji mwandishi ambaye naye hakuwepo. Akikosea utamdai nani radhi?

Bahasha inapoziba pengo

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atauliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana, kwa sababu sisi tunaujua uandishi usiolipwa tangu kabla ya intaneti. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa stori iliyochapishwa, na stori yake isipotoka siku hiyo nauli imekula kwake, ndiye nguzo ya kurasa nyingi za michezo katika ukanda wetu.

Pengo la mshahara halibaki wazi. Linazibwa. Mkutano na waandishi wa habari unapokwisha, ofisa wa klabu au wa mdhamini anapitisha karatasi, watu wanasaini, bahasha ya nauli inatolewa. Hakuna anayeambiwa aandike nini. Hata hivyo mwandishi anajua kwamba akiandika wachezaji hawajalipwa miezi mitatu, mkutano ujao jina lake linaweza lisiwepo kwenye karatasi.

> Mwandishi asiyelipwa na chombo chake atalipwa na mwingine, na huyo mwingine ana habari yake anayoitaka.

Mtandaoni mlipaji ameongezeka. Kuna wakala anayetaka mchezaji wake asemwe kuwa anawindwa na Simba na Yanga kwa pamoja, ili dau lipande. Kuna kampuni ya kubashiri inayotaka mkeka wake uwekwe chini ya uchambuzi wa mechi. Kijana mwenye ukurasa wa wafuasi wengi, asiye na mwajiri wala mhariri, ni rahisi kufikiwa. Simlaumu kijana huyo kwanza. Nawalaumu kwanza wenye vyombo wanaochukua tetesi zake bure, wakazipa nembo yao, na zikigeuka uongo wakamtupia yeye.

Serikali zetu nazo zimeshughulika na kadi zaidi kuliko mkate. Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka Bodi ya Ithibati ya kusimamia nani aitwe mwandishi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, ada yake wakati huo ikiwa shilingi milioni 1 kwa mwaka. Kenya, Baraza la Habari hutoa vitambulisho kwa waandishi. Cheti kinaulizwa, leseni inaulizwa. Swali la kama mwenye kitambulisho hicho analipwa na nani halipewi uzito huohuo, wakati ndilo linalomgusa msomaji zaidi.

Wenye vyombo wana utetezi wao. Matangazo yamehamia kwa Google na Facebook, mauzo ya gazeti la karatasi yameshuka, na ukurasa wa michezo unatakiwa kujaa kila saa. Ni kweli. Lakini hapo dawa ni kuchapisha kidogo kinachoweza kulipiwa. Tetesi 40 kwa siku zisizo na chanzo hazimwongezei msomaji imani, na yeye ndiye tunayemwomba aje alipie gazeti la kidijitali.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika. Maelfu ya waandishi wataomba vitambulisho vya kuingia viwanjani, na vyombo vingi vitapeleka majina ya vijana ambavyo havijawahi kuwalipa. Fomu ya maombi iwe na sehemu ya mkataba: chombo kinachoomba nafasi kieleze kinamlipaje kila mtu kinayemtaja, na nani atahariri kazi yake. Asiye na mkataba asifungiwe nje. Aingie kwa jina lake, kama mwandishi binafsi, kitambulisho chake kisomeke hivyo, na kampuni isiyomlipa isiruhusiwe kumvalisha nembo yake.